Meneja anataka niandike kwamba kijana alizembea

Assalaam alaykum Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msimamizi wa usafi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, Kusini Unguja. Nawasimamia wasichana wa vyumba, mabibi wa dobi na kijana anayetunza bwawa la kuogelea. Kijana huyu ni mtoto wa jirani yangu. Alipomaliza skuli mama yake alinijia nimtafutie kazi, nikamwombea kwa meneja, akakubaliwa. Kwa hivyo jambo hili linanikabili kazini na nyumbani vilevile.

Wiki iliyopita, asubuhi mapema, aliingia stoo kuchukua dawa ya bwawa kama kawaida yake. Stoo yetu ni kichumba kilicho chini ya ngazi, hakina dirisha. Zamani dawa zilikaa kwenye banda la nje linalopita upepo, lakini msimu ulipoanza banda likafanywa duka la vikoi na vinyago, dawa zikahamishiwa humo ndani. Ndoo ya klorini ya chengachenga inakaa sakafuni, ubavuni mwake kuna madumu ya tindikali tunayosawazishia maji, na juu ya rafu zipo sabuni za vyoo. Yalikuwepo makopo mawili ya kuchotea, moja la klorini na moja la tindikali. La klorini lilipasuka. Kijana akaomba jengine, akaambiwa asubiri manunuzi ya mwisho wa mwezi. Akawa analitumia hilo lililobaki kwa dawa zote mbili, analisuuza na kulipangusa.

Siku hiyo lilibaki na tindikali kidogo chini. Alipolichovya kwenye ndoo ya klorini, ndoo ilitoa moshi wa manjano yenye ukijani na harufu ya kuchoma. Bibi mmoja wa dobi alisikia kikohozi, akamkuta kijana ameng'ang'ania ngazi, machozi yanamtoka, sauti haitoki. Tukampeleka hospitali kwa gari ya kuchukulia wageni. Alilazwa siku mbili akitiwa oksijeni. Sasa yuko nyumbani, lakini akitembea kidogo tu anahema.

Juzi meneja ameniita. Anataka niandike ripoti niseme kwamba kijana alizembea, hakuvaa barakoa, na alishaelekezwa. Akasema ajali ni mipango ya Mungu, na hapa ni hoteli, si kiwanda. Bi Mshauri, kiasi cha mwezi mmoja nyuma mimi mwenyewe nilimwambia kwa mdomo kwamba harufu ya stoo inawatoa machozi mabibi wa dobi. Alinijibu, "Tukimaliza msimu." Wasichana wa vyumba wananunua glavu kwa pesa zao. Nikilisema hilo, naambiwa hayo ni mambo ya Ulaya na hoteli yetu ni ndogo.

Meneja si mtu mbaya. Nilipofiwa alikuja mazikoni na akanipa ruhusa bila ya kunikata siku. Lakini mama wa kijana ananiuliza kila jioni nitaandika nini, na mimi nina watoto na mkataba wangu unakaribia kwisha. Niandike nini? Na nimwambieje meneja kwamba hoteli nayo ina lake la kufanya?

Msimamizi, Kusini Unguja

*

Waalaykumu salaam mwanangu, marahaba. Pole kwa mtihani huu, na unifikishie pole zangu kwa kijana na mama yake.

Tuanze na kifua chake, maana ripoti inaweza kungoja mpaka kesho na kifua hakiwezi. Alichovuta ni gesi ya klorini. Ikikutana na unyevu wa koo na mapafu hugeuka tindikali na kuunguza kwa ndani, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya mtu kujiona amepona. Kulazwa kulimsaidia kulivuka hilo, alhamdulillah. Lakini kijana wa umri wake kuhema kwa kutembea kidogo si jambo la kuliangalia tu. Arudi kwa daktari wiki hii hii, aseme wazi kwamba alivuta klorini akiwa kazini, na aombe iandikwe hivyo kwenye cheti. Karatasi zote, pamoja na risiti za dawa na za usafiri, mama yake azitie katika bahasha moja. Zanzibar tuna sheria yetu ya fidia kwa anayeumia kazini, na dai lisilo na karatasi hukwama mlangoni.

Sasa ripoti. Kwamba alizembea usiandike. Ripoti ya ajali inaeleza kilichotokea: ilikuwa saa ngapi, ni wapi, nani alikuwepo, vifaa gani vilikuwepo na vipi havikuwepo. Mtu kuzembea au kutozembea ni hukumu, na hukumu hutolewa na anayehusika baada ya kuwasikiliza wote, na kijana mwenyewe bado hajasikilizwa. Wewe hukuwemo stoo. Andika unayoyajua: kwamba klorini na tindikali zilikuwa zimewekwa pamoja katika chumba kisicho na dirisha tokea zilipotolewa bandani, kwamba kopo la klorini lilipasuka, jengine likaombwa na halijanunuliwa, kwamba kopo moja likawa linatumika kwa dawa zote mbili, kwamba bibi wa dobi alimkuta kijana kwenye ngazi katika hali kadha wa kadha, kwamba tarehe fulani ulitoa taarifa ya harufu. Kama huikumbuki tarehe, andika "kiasi cha mwezi mmoja kabla". Ukitaka kutaja barakoa, taja, lakini useme pia ilikuwa ya aina gani. Piga picha ya stoo kama ilivyo kabla haijapangwa upya. Hakuna hata sentensi moja hapo inayomtukana meneja, na hakuna hata moja utakayoionea haya ukisomewa mbele ya watu.

Najua atakuuliza kwa nini umeyaingiza mambo ya banda na kopo wakati mkono uliochanganya dawa ni wa kijana. Mjibu kwa kumpeleka nyuma hatua moja moja. Nani aliamua banda liwe duka? Nani aliamua dawa ziingie chini ya ngazi? Nani alisema kopo lisubiri mwisho wa mwezi, na bwawa wakati huo huo litiwe dawa kila asubuhi? Kijana hakuamua hata moja katika hayo. Alipewa kazi ambayo haifanyiki kwa salama kwa vifaa alivyoachiwa, akaifanya hivyo hivyo kwa sababu wageni wanataka kuogelea na yeye anataka kazi. Mkono wake ulikuja mwisho, mambo yote yalipokuwa yameshapangwa. Mfukuzeni leo, muajiri mwengine kesho: atafungua mlango ule ule, atakuta kopo lile lile moja, na ipo siku naye atakuwa na haraka.

Hii ndiyo sababu jukumu la usalama liko kwa taasisi kabla halijafika kwa mtu mmoja mmoja. Anayepanga kazi, anayeshika fungu la manunuzi na anayegawa vyumba ndiye mwenye uwezo wa kuiondoa hatari. Mfanyakazi ana wajibu wake, naye anatakiwa kufuata maelekezo na kutochezea vifaa. Lakini hawezi kujinunulia dirisha.

Nirudi kwenye barakoa, maana naona meneja ameishikilia sana. Muulize kwa adabu, barakoa ipi? Kama ni zile za kitambaa au za karatasi zilizobaki tokea wakati wa korona, gesi inapita kama hakuna kitu. Kwa klorini inahitajika barakoa ya mpira inayoshika uso vizuri, yenye vichujio maalumu vya gesi, na mvaaji afundishwe kuivaa. Na hata hiyo, wajuzi wa kazi hii huiweka mwisho kabisa. Kwanza huuliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa. Haiondoki, wanatafuta kitu chenye madhara madogo zaidi. Kisha wanaitenga hatari na watu kwa kurekebisha mahali, halafu ndiyo yanakuja maelekezo na mafunzo, na mwisho wa yote ndiyo vazi. Hoteli yenu imeanzia mwisho, tena kwa vazi lisilofaa.

Kwenu hatua za mwanzo ni nyepesi mno, na ndiyo maana zinaniuma. Klorini na tindikali zikae vyumba viwili mbalimbali, vikavu, vinavyopita hewa. Kila dawa iwe na kopo lake la rangi yake, na asiwepo wa kulihamisha. Dawa ibaki kwenye chombo chake cha asili chenye maandishi, wala isimiminwe kwenye chupa za maji ya kunywa hata kwa dakika tano, kwani mtoto wa mgeni au mpishi mwenye kiu hatauliza. Siku zote maji yatangulie, dawa ifuate: tia klorini ndani ya maji mengi, usimwagie maji juu ya klorini. Tena kuna dawa ya unga ya kusawazishia maji badala ya tindikali ya majimaji. Nayo haichanganywi na klorini, lakini haitoi mvuke ule wala haimwagiki kwa urahisi. Muulizeni anayewauzia dawa. Na wasichana wako wa vyumba waambie leo, usingoje kikao: ile dawa ya kung'arishia vitambaa vyeupe ikikutana na dawa kali ya chooni yenye tindikali inatoa gesi ile ile iliyomlaza kijana, na choo cha mgeni ni kidogo kuliko stoo.

Meneja amekwambia ni mipango ya Mungu. Hapo mjibu kwa upole, maana kadari sote tunaiamini, na mtu akidhani unaipinga imani yake hatakusikiliza tena. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, alimwambia amfunge na amtegemee. Imo katika Tirmidhi, na meneja wako bila shaka ameisikia msikitini mara nyingi. Kufunga ni kazi ya mja.

Na hapa kwetu tumeshaonyeshwa kwa machozi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale pale Forodhani mjini Unguja, iliporomoka ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafariki na wengine wakatolewa kifusini wakiwa majeruhi. Jengo lile la mwaka 1883 lilikuwa limeshaonyesha dalili miaka kadhaa kabla, sehemu zake zikianza kubomoka hata likafungwa kwa wageni. Simnyooshei kidole mtu, na waliofariki Mungu awarehemu. Ninachotaka uone ni kwamba hatari mara nyingi hutanguliwa na dalili, na dalili inahitaji mtu ambaye kazi yake ni kuisikia na aliyepewa uwezo wa kufanya kitu. Hotelini kwenu dalili ilikuwa machozi ya mabibi wa dobi. Uliiona, ukaisema, ikaambiwa isubiri msimu umalizike.

Hilo la msimu ndilo linalombana, na sitalidharau. Hoteli ndogo inategemea miezi michache kulisha mwaka mzima. Basi kaa naye mpige hesabu pamoja. Kopo la plastiki lingegharimu kiasi gani pale dukani Paje au Makunduchi? Kisha weka upande wa pili: gari iliyoacha kupokea wageni asubuhi ile, gharama za hospitali, mshahara wa mtu asiyekuwepo, bwawa lisilo na mjuzi wa kulitunza msimu ukiwa umepamba moto, na fidia itakayodaiwa. Na kuna moja ambalo pengine hajalifikiri. Klorini ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kutambaa sakafuni. Stoo iko chini ya ngazi, na ngazi huenda ndiyo njia ya wageni kwenda kula. Ingekuwa ni saa moja na nusu badala ya asubuhi mapema, angekuwa na wageni wanaokohoa ukumbini, na mtoto mdogo anayetambaa ndiye angevuta zaidi ya wote.

Akisema usalama ni anasa ya makampuni makubwa, mpe kisa cha Alcoa, kampuni ya aluminiamu ya Marekani. Paul O'Neill alipokabidhiwa uongozi wake mwaka 1987 wawekezaji walitegemea awaeleze faida, yeye akawaeleza usalama wa wafanyakazi, na wapo waliotoka pale wakidhani kampuni imepata kichaa. Majeruhi wakapungua mwaka hadi mwaka. Alipostaafu mwaka 2000, faida ya mwaka ilikuwa imefika kiasi cha mara tano ya ile aliyoikuta. Sisemi usalama peke yake ndio ulioleta pesa zile. Lakini kiongozi akitaka kujua kwa nini mtu ameumia, inambidi ajue kazi inafanywa vipi hasa, na taarifa zianze kupanda juu haraka bila ya hofu. Meneja ambaye angeambiwa habari za kopo siku lilipopasuka, angeambiwa na habari za bomba linalovuja na umeme unaopiga cheche jikoni. Mkubwa wa hoteli yoyote angelipia pesa kwa masikio ya namna hiyo.

Kuhusu sheria, usiitumie kama fimbo katika mazungumzo ya mwanzo, lakini ijue. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na inamwekea mwajiri jukumu la kuwalinda wanaomfanyia kazi. Usiichanganye na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Hiyo ni ya Bara, na mambo ya kazi sisi tuna sheria zetu na maofisa wetu chini ya wizara inayosimamia kazi. Hoteli imo, haikuachwa nje kwa kuwa si kiwanda. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiingiza haki ya mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Tanzania ni mwanachama. Mkataba wake Namba 155 wa mwaka 1981 una mambo mawili yanayokugusa wewe na wasichana wako: hatua za usalama kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi, kwa hivyo glavu si za kutoa mfukoni mwao, na anayeiacha kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba ina hatari kubwa ya papo hapo alindwe asiadhibiwe. Hayo si mambo ya Ulaya. Mapafu ya kijana wa Kusini Unguja hayakuumbwa tofauti.

Sasa namna ya kumwendea. Umesema si mtu mbaya, nami nakuamini, kwa hivyo mwachie mlango wa kutokea. Nenda ofisini akiwa peke yake, wageni wa chakula cha asubuhi wakishatulia. Mwambie: "Bosi, ripoti nimeiandika kama nilivyoyaona, na nimekuja na mambo tunayoweza kuyafanya wiki hii." Mtajie machache tu. Dawa zirudi bandani na vikoi vitafutiwe pembe mapokezi, au ziwekwe mbalimbali sehemu nyengine yenye hewa. Yanunuliwe makopo na glavu. Anayeuza dawa aje awafundishe nyote, si mtunza bwawa pekee, kwa Kiswahili na kwa kuonyesha. Kisha omba daftari moja likae dobi, ambalo mtu ataandika chochote kilichonusurika kuwa ajali, na meneja alipitie kila Jumamosi na kuandika pembeni amefanya nini. Sharti lake ni moja: asiadhibiwe mtu kwa alichoandika. Akiadhibiwa mmoja tu, daftari litabaki jeupe na hatari zitabaki stoo.

Akikataa yote na kukushurutisha ubadilishe ripoti, usigombane naye wala usisaini chochote ambacho hukukishuhudia. Mwombe akuandikie maagizo hayo kwa mkono wake. Wengi hulainika hapo. Asipolainika, ripoti yako ifike kwa mwenye hoteli, kisha kwa maofisa wa kazi. Usiende peke yako: mabibi wa dobi wameona na kunusa kama wewe, na bibi aliyemkuta kijana ni shahidi mkubwa. Kama hamna chama, viulizieni vyama vya wafanyakazi vilivyo chini ya ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar. Na mkataba wako utafute leo, uwe na nakala yake nyumbani, ujue unakwisha lini na unasema nini juu ya kuachishwa.

Jirani yako usimkimbie. Nenda kwake kabla hajaja yeye, mkae, umwambie kwamba mwanawe hukumwandika kwa ubaya na kwamba umeandika ulichokiona. Usimuahidi kazi wala fidia, hivyo haviko mikononi mwako. Msaidie kupanga zile karatasi, na kama daktari atampa kijana siku nyengine ya kurudi, muombee ruhusa mapema ili isije ikahesabiwa utoro.

Ripoti fanya nakala mbili. Moja mpe meneja, ya pili aisaini kwamba ameipokea, aweke na tarehe, ukae nayo wewe.